Vipele vinavyobaki ukurutu ukishatulia: usivisugue

Mwanangu wa pili ana ukurutu, ule ambao wengi tunauita pumu ya ngozi. Hapa Arusha humwanza mwezi wa sita, baridi ikishika na masweta yakitolewa sandukuni. Mwasho ukishapoa hubaki vipele vidogo vigumu kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Ukipitisha mkono, ni msasa mtupu.

Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Nikamsugua kwa dodoki kila jioni, analia, nami nasema vumilia baba. Siku ya nne ukurutu ulirudi wote. Jambo hilo bado linaniuma, ndiyo maana naandika.

Vipele vile si uchafu. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu hupenda kutokeza kwenye vitundu vya vinyweleo, na mahali palipokunwa sana ngozi hujifanya nene na ngumu. Ukiisugua unaichokoza upya. Dodoki, jiwe la miguu, chumvi, ndimu, vyote weka kando.

Namwogesha mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni isiyo na manukato na ni kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Simfuti kwa kuburuza taulo. Namgandamizia kanga kuukuu ya pamba, na ngozi ikiwa bado na unyevu nampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hapo ndipo penye siri yote: mafuta hufungia maji yaliyomo ndani, kwa hiyo ukisubiri ngozi ikauke kabisa umechelewa. Paka kwa kufuata vinyweleo vinakolalia, usisugue kwa mzunguko. Asubuhi narudia, hata kama hajaoga.

Ikiwa vipele bado vinawasha, ukurutu haujaisha. Mafuta peke yake hayatoshi. Tumia krimu uliyoandikiwa na daktari, kwa siku alizosema. Kipimo nilichofundishwa: dawa inayotoka kwenye tyubu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mwasho ukiisha kabisa na ngozi haina mchubuko, muulize mfamasia kuhusu krimu yenye yurea asilimia 10, inalainisha ugumu. Kwenye mchubuko inachoma.

Kucha fupi. Sweta livaliwe juu ya fulana ya pamba. Nguo zisuuzwe mara mbili.

Madoa meusi au meupe yatabaki miezi kadhaa, na hapo ndipo jirani atakuletea kikopo cha mkorogo. Kataa, mama mwenzangu. Mingi ina zebaki au dawa kali za steroidi, na ngozi ya mtoto huzinyonya upesi.

Usaha, magamba ya njano au homa, nenda kituo cha afya. Vidonda vidogo vya duara vinavyouma na kuenea haraka, nenda siku hiyo hiyo. Na kama nyumba nzima inajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele, ule ugonjwa wa kuambukizana, nao una dawa yake.

Viwiko vya mwanangu vililainika baada ya wiki sita hivi. Goti la kushoto bado. Jana usiku nimelipaka tena.