Kabla hujampa kibarua dawa, mfundishe kwa maji

Wakulima wenzangu naomba tuongelee hawa watu wanaotupulizia dawa za wadudu shambani, maana wengi wetu tunamkabidhi kibarua bomba na chupa tunamwambia anzia pale, alafu tunaondoka. Hiyo sio sawa kabisa. Mkataba namba 184 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 2001 unamtaka mwajiri wa kilimo atoe mafunzo, tena kwa maelekezo ambayo mfanyakazi anayaelewa, sio kumsomea tu lebo.

Na mafunzo hayataki ukumbi. Jaza bomba maji matupu, tia rangi nyekundu ya chakula, mvalishe nguo nyeupe kuukuu apulizie mistari miwili mitatu, mstari mmoja apulizie akielekea upepo unakotoka. Atajionea mwenyewe rangi ilivyomlowesha mapajani, mikononi, na mgongoni kama bomba linavuja. Hapo ndo umweleze kwamba shambani dawa inaingia mwilini zaidi kupitia ngozi, na sehemu za siri zinanyonya haraka mno, kwahiyo akienda kukojoa kabla hajanawa mikono anajitia sumu mwenyewe.

Pa kukazania zaidi ni pale pa kuchanganya, kwa sababu dawa bado kali haijaingia maji na ndipo watu wanapofungua chupa mikono mitupu. Glavu ziwe za mpira, maana za kitambaa au ngozi zinanyonya dawa zinaishikilia mkononi kutwa nzima, na azioshe kabla ya kuzivua. Suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani. Nozo (ile ncha ya bomba inayotoa dawa) ikiziba ni mswaki na maji, asipulize kwa mdomo jamani!

Rangi kwenye lebo nazo afundishwe, nyekundu ndo kali zaidi, inafuata njano, bluu, kijani, ila kijani haina maana kwamba unaweza kuichezea.

Alafu dalili za sumu. Kichwa kikiuma, jasho na mate yakimtoka sana, mboni za macho zikisinyaa, misuli ikichezacheza, kazi isimame hapohapo, avuliwe nguo aoshwe kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe hospitali pamoja na lebo ya dawa ili daktari ajue anatibu nini. Maziwa hayaui sumu, msipoteze muda nayo, wala msimtapishe kwa kubahatisha.

Mwisho mwambie yeye sasa akufundishe wewe, hatua kwa hatua, na akikosea mnarudia na maji yaleyale.