Usijichome palepale kila siku

Kulikuwa na sehemu tumboni, kushoto kwa kitovu, ambayo sindano ya insulini, dawa yangu ya kisukari, haikuniuma kabisa. Nikaipenda. Kila siku hapohapo, nikajiona fundi. Kumbe mafuta ya chini ya ngozi yalishavimba yakawa magumu, na insulini ikiingia humo hainyonywi sawasawa. Leo sukari juu, kesho imeshuka ghafla, na chakula ni kilekile, uniti zilezile. Mimi nalaumu mashine ya kupimia! Muuguzi ndiye aliyenipapasa akakuta kinundu.

Siku hizi tumbo nimeligawa robo nne, kitovu kikiwa katikati. Kila robo ina wiki yake, na ndani ya robo sindano ya leo inakaa upana wa kidole kutoka ya jana. Kitovu nakipisha vidole viwili. Unaweza kutumia mapaja pia, upande wa nje, ila insulini hufyonzwa upesi zaidi tumboni, kwa hiyo usirukeruke ovyo: sindano ya asubuhi ibaki eneo lake, ya usiku lake. Ukioga, pitisha vidole vyenye sabuni taratibu. Kinundu utakihisi kabla hujakiona.

Ukikihama, jihadhari. Mahali pazima insulini hufanya kazi yote, na dozi uliyoizoea inaweza kukuzidi. Muulize daktari kwanza kama ipunguzwe, kisha pima mara nyingi zaidi. Mimi sikuuliza. Usiku wa pili niliamka nimelowa jasho, mikono ikitetemeka, mashine inasoma 3.1. Ikiwa chini ya 4 kwa mashine za milimoli (au 70 kwa mashine za miligramu), kunywa gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai, ndani ya maji. Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini, rudia. Chokoleti iache, mafuta yake huichelewesha sukari.

Mengine kwa ufupi. Nawa mikono kabla ya kutoboa kidole, maana utamu wa tunda ukibaki kidoleni utakupa namba ya uongo. Kalamu ya kujichomea insulini ijaribu kwa uniti 2 hewani, kisha ukishajichoma hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Sindano iwe mpya kila mara. Butu nayo huchangia vinundu. Insulini iliyoganda tupa, hata ikiyeyuka.

Kinundu changu kilichukua miezi kulainika. Sehemu ile ya kushoto bado naipisha.