Mtoto anakaribia miezi 6? Haya yaweke sawa kabla hujamkorogea uji wa kwanza

Miezi 6 ikikaribia kila mtu anakuwa mtaalam. Mama mkwe anasema mtoto analia njaa mpe uji, jirani anasema wa kwake alianza na miezi 3 na saivi yuko darasa la nne ana nguvu kama nini, na kwenye simu kuna dada anauza unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu 15 na anatuma mikoani. Tulia kwanza mama. Kuna vitu vichache vya kuandaa mapema na vingi havihitaji hela, na kile ambacho watu wanakimbilia kutolea hela, huo unga, ndo cha kuangalia kwa macho mawili.

Kabla ya yote hakikisha mtoto mwenyewe yuko tayari. Shirika la Afya Duniani na manesi wa kliniki wote wanasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 itimie, hata maji hapana, afu chakula kinaanza huku anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 na kuendelea. Kuamka usiku kulia sio dalili ya kutaka uji. Angalia kama shingo imekaza, anakaa ukimshikilia kidogo, anafuatilia tonge lako kwa macho mpaka mdomoni na ukimpa kijiko harudishi chakula nje kwa ulimi. Ila pia usichelewe mpaka miezi 8 eti ananyonya vizuri, mana madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yameshapungua na maziwa peke yake hayawezi kufidia.

Sasa tuje kwenye unga. Sijui nani alituambia kwamba ukichanganya mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, ufuta na mbegu za maboga ndo lishe inakamilika, mana nafaka sita pamoja bado ni nafaka tu, ni wanga, hujaongeza kitu cha maana. Afu kila kimoja kina muda wake wa kuiva, karanga na ufuta vina mafuta kwahiyo unga ukikaa unachacha, unaanza kunuka na kuwa mchungu, na mtoto akitokwa vipele hujui ni kipi kati ya vyote hivyo kimemkataa. Soya ndo kabisa, mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kuyeyusha protini, lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na wewe uliyenunua unga wa kwenye pakiti huwezi kujua kama yule muuzaji alifanya hivyo. Chukua nafaka moja, ulezi au mahindi au mchele, saga yenyewe. Karanga au kunde au maharage andaa pembeni, utaongeza wakati wa kupika. Saga kidogo kidogo wa wiki mbili tatu sio debe zima, na mashineni uliza kabla yako kilisagwa nini, usije ukapelekea mtoto unga wenye pilipili.

Na kabla ya kusaga kaa chini na ungo uchambue. Hapa sina utani. Ile fangasi ya kijani au nyeusi kwenye mahindi na karanga inatoa sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kuchemsha, upike masaa mangapi bado ipo. Mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 na sisi huku Dodoma na Manyara tukapoteza watu. Hiyo ni ile ya kuua haraka, ya kidogo kidogo kila siku inahusishwa na udumavu kwa watoto na saratani ya ini ukubwani. Kwahiyo karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ladha chungu tupa, usiseme nitaikaanga itakaa sawa, na zile karanga za bei rahisi zilizokwisha kusagwa sokoni mi ningeziacha kabisa maana watu wanajua mbovu zinaishia wapi.

Jambo lingine ni uzito wa uji. Tumezoea kumpa mtoto uji mwepesi unaopita kwenye chuchu ya chupa, wakati tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kama mililita 200 tu, ukilijaza maji ameshiba ila hajala. Uji ukiinamisha kijiko unatakiwa ushuke polepole, usitiririke. Kama unaona mzito sana hawezi kumeza basi bibi zetu walikuwa na dawa yake, kimea. Unaloweka ulezi usiku kucha, unauchuja na kuufunika na kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote, unaanika ukauke vizuri, unasaga. Ukishapika uji mzito ukaupua, uache upoe kidogo uwe wa vuguvugu la moto, weka kijiko kidogo cha unga wa kimea ukoroge, utashangaa unalainika wenyewe bila kuongeza hata tone la maji, afu rudisha jikoni uchemke tena kidogo. Usiweke ukiwa unatokota, hautalainika. Na andaa mapema kabla hujauhitaji, mana kipindi cha mvua kuanika ni shida.

Uji wenyewe sio mlo, unahitaji wa kuongozana nao. Hapa wengi tunaishia kwenye ndizi na viazi wakati chuma inapatikana vizuri kwenye nyama, maini na dagaa. Dagaa wa Mwanza wengi wanaanikwa mchangani kwahiyo toa vichwa, osha na maji ya moto mara kadhaa, kausha kwenye kikaango bila mafuta, twanga wawe unga laini kisha chekecha, ukitunza kwenye kopo kavu unaweka kijiko kimoja kwenye viazi au ndizi zilizopondwa na umemaliza. Maini mara moja kwa wiki inatosha, yana vitamini A nyingi sana. Yai mpe, lote na kiini chake, liive tu. Ukimpa maharage au mchicha, mpe na chungwa au papai au embe, chuma inaingia vizuri mwilini, ila chai weka mbali.

Vyombo sio ishu, blenda sio lazima. Uma, mwiko, chujio, kikombe na kijiko chake, na sabuni ya kunawa. Tena blenda ikizoeleka mtoto anafika mwaka hajui kutafuna, akikuta punje anatapika. Chupa ya uji achana nayo, kuisafisha mpaka ndani ni kazi.

Kwenye kutunza, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kwa joto la Dar hata hayo ni mengi. Kwenye friji siku moja, mwisho mbili. Kama una friza weka kwenye vile vitrei vya barafu, utoe kipande kwa kipande, ila umeme ukikatika usiku kucha ukakuta vimeyeyuka usivigandishe tena. Ukipasha pasha mara moja tu mpaka kichemke, na kile alichobakiza kwenye bakuli chenye mate yake usikirudishe.

Chumvi, sukari na mchuzi wa kwenye pakiti hana haja navyo. Asali hapana mpaka afike mwaka, inaweza kuwa na bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza, ambao tumbo lake haliwezi kupambana nao. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu pia asubiri mwaka. Karanga nzima, bisi, zabibu nzima, hivyo vinakaba, mpaka afike miaka 5 uvikatekate au uvisage.

Mwisho kaa na dada au bibi atakayebaki naye ukirudi kazini, na muongee kabla sio siku unayoondoka. Mwambie anaanza na vijiko vya chakula viwili vitatu, mara 2 mpaka 3 kwa siku, ikifika miezi 8 afike nusu kikombe cha mililita 250. Chakula kipya kimoja kimoja, siku mbili tatu ndo mnaongeza kingine, akikataa mchicha leo mjaribu tena wiki ijayo bila kumbana pua. Akiumwa anyonye zaidi na ale kidogo kidogo mara nyingi. Na akivimba mdomo, akitokwa vipele ghafla au akaanza kupumua kwa shida baada ya kula, asikusubiri wewe utoke kazini, aende hospitali na akupigie akiwa njiani, kwahiyo muachie nauli na kadi ya kliniki mahali anapojua.