Mvuvi Wako Asema Kama Kadhi: Kuandika Hadithi kwa Kiswahili Ukiwa Mjaluo

Nilizaliwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Kijaluo nilikinyonya, Kiswahili nilikikuta shuleni, ubaoni, kikiwa na ngeli zake na fimbo yake. Hadithi yangu ya kwanza ya Kiswahili niliiandikia Likoni, Mombasa, nilikokuwa nimepanga chumba, na msomaji wake wa kwanza alikuwa mama mwenye nyumba. Alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani. "Mwanangu, huyu mvuvi wako asema kama kadhi."

Basi anzia hapo: futa insha. Sisi tuliofunzwa Kiswahili darasani tulipewa alama kwa "nilirauka alfajiri na mapema, ndege wakitumbuiza". Mvuvi wa omena, yaani dagaa, harauki. Saa hiyo ndiyo anarudi na taa yake, amelowa, ana usingizi. Mimi hupekua rasimu nikitafuta kila neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu mwenye hasira au njaa, nikalitoa. Mara ya kwanza ilibaki nusu ukurasa. Ndipo nikawa naenda kivukoni Likoni kusikiliza watu wakigombana wakisubiri feri. Daftari liache nyumbani. Watu wakiona kalamu hunyamaza.

Katika rasimu ya kwanza usisimame kutafuta neno. Likija la Kijaluo, liandike hivyo hivyo, lizungushie duara, songa mbele. Uamuzi ni baadaye. "Ngege" na "mbuta" nimeyaacha kwa kuwa Mkenya anayajua, ingawa msomaji wa Mwanza angesema sato na sangara. "Simba" ndilo lililonitia aibu. Kwetu simba ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Niliandika "Otieno aliingia simba akafunga mlango", na mama mwenye nyumba akaniuliza kama kijana huyo ni mchawi. Sikutia maelezo kwenye mabano. Niliandika baba akimwonyesha mwanawe pa kuchimbia nguzo, karibu na lango la boma, na neno likatajwa nyumba ilipokwisha kusimama.

Ngeli usihangaike nazo unapoandika. Kijaluo hakina ngeli, kwa hiyo sikio langu halinionyi. Nina usomaji mmoja wa mwisho, wa ngeli tu, kalamu nyekundu mkononi. Kosa hujificha sentensi ikirefuka: "nyavu ambazo mumewe alizianika juu ya mawe tangu jana jioni ilianza kunuka". Hapo nilishazisahau nyavu, jioni ikakamata kitenzi. Dawa yangu si ya kitaalamu: kata sentensi.

Mazungumzo ndiyo kazi hasa. Watu wangu wawili wakiwa ufuoni Mbita wanaongea Kijaluo, mimi naandika Kiswahili. Kwa muda mrefu niliwapa Kiswahili cha kuchekesha, "samba" badala ya "shamba", nikidhani huo ndio uhalisia. Niliwadhalilisha bure, maana wote wawili ni wasemaji hodari kwa lugha ya mama zao. Siku hizi wakiwa wenyewe kwa wenyewe nawapa Kiswahili kinachotiririka, chenye utani na matusi. Akifika askari, ndipo wanapoongea Kiswahili kweli, na yule yule aliyekuwa akitamba huanza kuokoteza: "Hii samba ni yangu, afande." Msomaji anamwona mtu akipungua, bila mimi kusema lolote.

Na hadithi ikikataa kabisa, iandike kwanza kwa lugha yako. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ziwa hili hili letu, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ilichapishwa 1980. Uvumilivu wa miaka 35 mimi sina, lakini njia ni nzuri.

Mimi nilikwama kinyume chake. Hadithi ya mama yangu, baada ya baba kufa, niliianza mara tatu kwa Kijaluo. Kila sentensi ilikuja na sauti ya shangazi fulani akinisahihisha. Kiswahili hakikuwepo kwenye matanga yale. "Mjane" nililijua kutoka vitabuni tu, halikuwa na uso wa mtu yeyote, nikaweza kuandika kurasa kumi kwa wiki moja. Katika ukurasa wa kumi na moja neno letu likajipenyeza lenyewe, limevaa Kiswahili. Sisi mjane tunamwita *chi liel*, mke wa kaburi. Kwetu linasemwa sokoni, kanisani, na hakuna anayeshtuka.

Mama mwenye nyumba alipofika hapo alisita.

"Nani amwita hivyo?"

"Sisi sote, mama."

Akaurudia mstari ule kwa sauti ya chini, akazikunja karatasi, akasema zilizobaki atazisoma mchana.