Mshale wa kifremu haurukii unapotaka? Pitia hapa kabla hujafuta kitu

Hii ni kwa wanaoediti harusi, send-off na video za wasanii wa mtaani kwetu, wawe wa Premiere Pro, DaVinci Resolve, After Effects au CapCut ya simu. Kuweka vifremu (keyframe, zile alama za almasi zinazoshika thamani ya kitu kama ukubwa au mahali pa picha kwenye fremu fulani) mnajua, sielezi. Shida ninayoizungumzia ni pale vile vialmasi umeviweka kwa mkono wako, ukitaka kuruka kutoka kimoja kwenda kingine mshale umefifia, au mstari wa kuchezea (playhead) unaenda kusimama sehemu ambayo hujaweka kitu.

Hatua ya 1

Chagua klipu yenyewe kwenye taimulaini, halafu bonyeza ndani ya paneli unayofanyia kazi. Wengi mtapona hapahapa.

Hatua ya 2: jua mshale ni wa nani

Kwenye Premiere, ndani ya Effect Controls (paneli ya mipangilio ya klipu), ile mishale miwili ya pembeni ya almasi ni ya kipengele hichohicho tu. Mshale wa Scale (ukubwa) unakupeleka kwenye vifremu vya Scale, vya Position (mahali picha ilipo) wala hauna habari navyo. Sasa mtu vifremu vyake vyote kaweka kwenye Position, anang'ang'ania mshale wa Opacity (uwazi wa picha), anasema programu mbovu.

After Effects ni J kurudi na K kwenda mbele, ila zinaruka kwenye vinavyoonekana tu. Leya (tabaka la klipu) ikiwa imekunjwa utapitiliza. Ichague, bonyeza U, kila kipengele chenye vifremu kinafunguka, ndio urudi kwenye J na K. Na zikikusimamisha mahali pasipo na kifremu usishtuke, zinasimama pia kwenye maka (alama) za leya na kwenye mwanzo na mwisho wa eneo la kazi.

DaVinci ni mabano ya mraba, [ kurudi na ] kwenda mbele. Mshale wa juu na wa chini unakupeleka kwenye mkato, sio kwenye kifremu, hapo ndipo watu waliohama programu wanapochanganyikiwa. Halafu kuna hii ya kwetu: laptopu used za Ulaya tunazonunua Kariakoo, nyingine zina kibodi ya Kijerumani, na kwenye kibodi hiyo mabano yanatoka kwa AltGr na 8 au 9, kwa hiyo shotikati inaweza isishike kabisa. Ingia Keyboard Customization uhamishie kwenye vitufe vingine. Mimi shotikati nabadilisha siku ya kwanza tu nikishika mashine mpya, sipendi kugombana na vidole.

Hatua ya 3: vifremu vilivyojificha, na vile unavyovikosa kwa fremu moja

Hapa kaeni vizuri maana ndipo masaa yanapopotelea. Kuna dogo wa Tabata aliniletea send-off, bibi harusi anaingia ukumbini, picha inajisogeza taratibu vizuri tu, lakini kwenye Effect Controls hakuna kifremu hata kimoja. Anabadilisha Scale, kifremu kipya kinazaliwa, picha inaruka kama imeshtuliwa. Alichofanya ni kukata klipu baada ya kuweka vifremu. Ukikata klipu vifremu vilivyobaki nje ya mkato havifutiki, vipo na bado vinavuta picha, ila huvioni. Fungua menyu ya paneli ya Effect Controls, toa tiki kwenye Pin to Clip. Sehemu ya nje ya klipu itatokea kwa rangi ya kijivu na vifremu vyako utavikuta vimekaa huko. Ukimaliza kuvirekebisha rudisha tiki, la sivyo kale kataimulaini kanakuwa kadogo mpaka macho yanauma.

Na tafadhali, usikimbilie ile saa ya pembeni ya jina la kipengele. Ukiibonyeza ikazima inafuta vifremu vyote vya kipengele hicho. Inakuuliza kwanza, kweli, lakini saa nane usiku nani anasoma, unapiga OK tu.

Kukosa kwa fremu moja ni hivi: umeburuza mstari kwa mausi, kwa macho uko juu ya kifremu, kumbe uko pembeni yake. Ukibadilisha namba hubadilishi kifremu cha zamani, unaongeza cha pili kilichobanana nacho, na kuanzia hapo ukibonyeza mshale unaona kama hausogei kwa sababu unahama fremu moja tu. Dawa ni kuangalia almasi ya katikati ya mishale: imejaa rangi, uko juu yake, iko wazi, hauko. Ukilazimika kuburuza, shika Shift ukiwa humohumo Effect Controls, mstari utanata kwenye vifremu. Mimi kuburuza kwa mausi nimewakataza vijana wote ninaofanya nao kazi, tumia mshale, basi.

Ukikuta kila klipu ya simu ina tatizo, angalia faili lenyewe kwa MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili. Simu nyingi zinarekodi kwa fremu zinazobadilikabadilika kwa sekunde, wewe sikwensi yako (taimulaini unayoeditia) ni fremu 25 kwa sekunde, vitu vinakuwa havikai panapotakiwa. Pitisha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua Constant Framerate (fremu zisizobadilika). Fanya hivyo kabla hujaanza kuediti, maana ukibadilisha faili katikati ya kazi, vifremu vyote itabidi uvipitie upya. Spidi ya klipu nayo weka kwanza, kisha fanya Nest (kuifunga klipu ndani ya sikwensi yake ndogo), vifremu viende juu ya hiyo nesti. Kuna watakaosema nesti inajaza projekti, sawa, mimi bora projekti iliyojaa.

Hatua ya 4: CapCut

Vuta taimulaini kwa vidole viwili mpaka ikae kubwa. Ile alama ya almasi ikionyesha kutoa, uko juu ya kifremu, ikionyesha kuongeza hauko, usiguse picha. Kwa TikTok ni poa sana, ila harusi nzima mimi siwezi kuiweka mule.

Hatua ya 5: labda unazungumzia kifremu kingine

Kama uko kwenye Avidemux, programu ya kukata video, na unataka kukata bila kurenda (kutengeneza video) upya, vifremu vya huko sio vya kuweka wewe, vimo ndani ya faili. Mshale wa juu unakupeleka kinachofuata, wa chini unarudisha, na mkato wako lazima uanzie kwenye kimojawapo. Vikiwa vimeachana mbali sio tatizo la kibodi: x264 (programu ya kubana video) ikiachwa kama ilivyo inaruhusu mpaka fremu 250 kati ya kimoja na kingine, kwa 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10. Ndio maana pia faili kama hilo linakwamakwama ukirudisha nyuma kwenye Premiere. Tengeneza proksi (nakala nyepesi ya kueditia), au geuza liwe DNxHR, aina ya video ya kueditia ambayo kila fremu imejitegemea. Ila DNxHR inakula diski balaa, pima nafasi kwanza kabla hujaanza na kadi zote za harusi.