Altezza inatetemeka? Soma hapa kabla hujanunua mauntini za injini

Wenye Toyota Altezza hapa Tanga tunajuana na kilio chetu ni kimoja, gari ikiwa silensi, yaani imewaka na hujakanyaga mafuta, usukani unakuchezea mikononi kama umeshika mashine ya kusaga. Yangu ilifika mahali nimesimama Barabara ya 12, ipo kwenye D, gia ya kwenda mbele, mguu kwenye breki, nikitazama kioo cha ndani bodaboda aliyeko nyuma namwona wawili. Fundi akasema mauntini, yaani zile raba zenye chuma zinazoshikilia injini kwenye gari, nikakimbilia kununua, na nikanunua vibaya.

Kwanza hakikisha kweli ni mauntini. Plagi zilizochoka, koili mbovu, throto (mlango wa hewa wa injini) chafu, zote zinatetemesha gari vilevile. Fungua boneti, mtu unayemwamini akae kwenye usukani, handibreki juu na breki ya mguu aikanyage mpaka mwisho, aweke D aguse mafuta kidogo sana, kisha R ya kurudi nyuma. Wewe simama ubavuni, usikae mbele wala nyuma ya gari, hapo sitanii. Injini kujivuta kidogo ni kawaida, ila ikinyanyuka upande mmoja halafu ikarudi na kishindo, kuna raba imeachana na chuma. Baada ya hapo zima gari uingie chini na tochi. Huku kwetu na chumvi ya bahari hii, hasa gari inayolala Raskazone, kutu inaanzia kwenye lile bati lililogandana na raba, ukiitazama juu juu raba ni nzima kumbe ilishabanduka siku nyingi. Ukikuta oili inadondokea mauntini ziba hapo kwanza, maana oili inalainisha raba na mpya nayo itakufa.

Sasa kuchagua. Mimi niliingia mkenge kwenye zile ngumu za poliyurethani, plastiki inayofanana na raba, za rangi nyekundu, zinapendeza kweli ukizishika. Raba ya kawaida ya mauntini kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa Shore A huwa kama 50 hadi 60, hizo za poli zinaanzia kama 70 na nyingine zinapita 90. Faida yake ipo, injini haichezi, gia zinaingia moja kwa moja, ukiondoa gari unasikia inaitika palepale. Lakini kazi ya mauntini ni mbili, kushika injini na kumeza mtetemo, na ukiongeza hii unapunguza ile, hakuna ujanja. Wiki ya kwanza nilifurahi, ya pili dashibodi nzima ikaanza kulia kama kopo la misumari, na kwenda Dar na kurudi, zaidi ya kilomita 300 kila upande, nilishuka miguu ina ganzi. Kama gari yako ni ya mashindano chukua poli, za alumini tupu hizo hata usiziulize, lakini kama unaendea kazini na Jumapili unampeleka mama Muheza, nunua raba laini kama ya kiwandani. Anayetaka ya katikati aweke poli kwenye mauntini ya gia boksi peke yake, hizi mbili za injini aziache za raba. Ndivyo ilivyo yangu leo na nimeridhika.

Dukani usinunue kwa macho. Altezza ya RS200 ni chesisi SXE10, injini 3S-GE ya silinda nne, AS200 ni GXE10 na injini yake 1G-FE ya silinda sita, jina moja gari mbili, mauntini zake usichanganye. Piga picha kibati cha chesisi namba, utafutiwe namba ya spea. Namba za Toyota ni tano, kistari, tano, na zile tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa tu, kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua kaka, si inaanza na 12361, inaingia hii", mjibu taratibu kwamba 12361 ipo kwenye magari kibao, zisome zote kumi.

Za mtumba mimi sizitaki. Gari hizi zilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, sasa raba iliyotolewa kwenye gari ya umri huohuo unategemea nini? Hata mpya ibonyeze kwa kucha, ukiona nyufa ndogondogo imekaa shelfu muda mrefu, irudishe. Na nunua seti, kushoto, kulia na ya gia boksi, maana ukiweka moja mpya kati ya mbili zilizokufa hiyo mpya inabeba mzigo wa wenzake na haichukui muda inachanika.

Kufunga mwachie fundi lakini simama naye. Jeki isigusane na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kavukavu, aweke ubao mpana katikati, la sivyo atakubonyezea sampu. Bolti zote aziingize kwa mkono kwanza zikiwa zimelegea, injini ishuke ikae yenyewe kwa uzito wake, ndiyo ataiti. Akitaiti injini ikiwa bado inaning'inia kwenye jeki raba inakaa imejipinda na mtetemo utarudi uleule, utaanza kumlaumu mwenye duka bure. Zile za zamani ziweke pembeni ya mpya kabla hajafunga kitu chochote, uhesabu matundu ya bolti na kulinganisha urefu, dukani wanapokea kurudishiwa ikiwa safi tu.