Saa ya Kampala ndani ya Python

Tangu Python 3.9, kazi ya kugeuza muda kutoka eneo moja la saa hadi jingine inafanywa na zoneinfo, moduli iliyomo ndani ya Python yenyewe. Kwenye Windows ongeza data ya maeneo ya saa kwanza: pip install tzdata, la sivyo utapata ZoneInfoNotFoundError.

Hifadhi kila muda kwa UTC (saa ya rejea ya dunia nzima), ugeuze pale tu unapomwonyesha mtumiaji:

sasa = datetime.now(timezone.utc)
kampala = sasa.astimezone(ZoneInfo("Africa/Kampala"))

Kampala iko saa 3 mbele ya UTC, lakini usijumlishe saa 3 hizo kwa mkono. Uganda haibadilishi saa, kwa hiyo kosa hujificha mpaka upate mteja wa London, ambako saa hubadilishwa: 09:00 yake ya asubuhi ni 12:00 Kampala mwezi Januari, lakini 11:00 mwezi Julai.

Programu za zamani hutumia pytz, maktaba ya nje ya kazi hiyohiyo. Humo usiandike tzinfo=pytz.timezone("Africa/Kampala") ndani ya datetime. Utapewa saa ya kale ya jua, UTC+2:27, na miadi yote itapotoka kwa dakika 33. Tumia localize().

Ukilinganisha muda wenye eneo na usio nalo kwa < au >, utapata TypeError. Afadhali hiyo kuliko jibu la uongo.

Kisha kuna saa yetu wenyewe. Ujumbe wa "saa 8 mchana" ni 14:00, na ukituma "14:00" kwa mzee wa kijijini atauliza ni saa ngapi hiyo. Kwa maandishi ya Kiswahili:

saa = (kampala.hour - 6) % 12 or 12

Hiyo "or 12" ni muhimu: bila hiyo, 18:00 itasomeka saa 0 jioni. Hesabu hii ibaki kwenye maonyesho tu, isiguse hifadhidata.